Njia ya Mtafiti wa Magonjwa ya Wanyamapori: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uzamili na Uzamivu

Mwongozo huu ni wako wewe uliyemaliza, au unayekaribia kumaliza, shahada ya kwanza ya tiba ya wanyama, usimamizi wa wanyamapori au zuolojia, na unatamani kujua kwa nini simba, nyumbu, sokwe au vyura wanaugua, nani anamwambukiza nani, na kitu gani kifanyike. Njia ya kufika huko ipo, na kwetu Tanzania iko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Ina sharti moja tu ambalo ni heri ulijue mapema: ugonjwa wa porini hausomeki kwa mnyama mmoja wala kwa mwaka mmoja. Ushauri wote utakaousoma hapa chini umetokana na sharti hilo.

Watazame simba wa Serengeti. Mwaka 1994 walianza kutetemeka, kuanguka kifafa na kufa. Ugonjwa ulipopita, karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti na Mara walikuwa wamekufa, wapatao 1,000. Maabara zilikuta virusi vya distempa ya mbwa, na kwa watu wengi swali likaishia hapo. Mwaka 2001 vifo vikarudi, safari hii katika Kreta ya Ngorongoro. Watafiti walipoipima damu ya simba iliyokuwa imehifadhiwa kwa miaka mingi, waligundua jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: kati ya mwaka 1976 na 2006 virusi hivyo vilikuwa vimepita kwa simba wa maeneo hayohayo angalau mara tano bila kuleta vifo vya kuonekana. Sasa mwaka 1994 na 2001 palikuwa na nini? Miaka hiyo ilitanguliwa na ukame mkali. Nyati walidhoofu na kujaa kupe, simba wakawala kwa wingi, na kwa njia hiyo wakabeba mzigo mkubwa wa babesia, vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe. Distempa ilipodhoofisha kinga ya mwili, babesia wakapata nafasi ya kuua.

Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 2008, miaka 14 baada ya vifo vya kwanza. Yaliwezekana kwa sababu simba wa Serengeti wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1966, na kwa sababu kuna watu walioweka damu kwenye friza wakaandika vizuri imetoka kwa simba yupi, siku gani, mahali gani. Akiba haiozi. Shahada yako itachukua miaka miwili ya uzamili, au mitatu hadi minne ya uzamivu. Ipange iwe sehemu ya kumbukumbu ndefu namna hiyo.

Jua unaingilia mlango gani

Fani hii ina milango miwili mikubwa, na kila mlango humwacha mtu na pengo lake. Daktari wa mifugo anaingia akiujua mwili: dalili, uchunguzi wa mzoga, dawa, usalama. Mara nyingi anachokosa ni elimu ya kundi zima: idadi inakuaje, wanyama wanahama vipi, takwimu zinasema nini. Mhitimu wa wanyamapori au zuolojia analijua kundi na mazingira, ila hajawahi kushika sindano wala kusoma majibu ya maabara. Jiulize wewe umeingilia wapi, kisha muhula wa kwanza uutumie kuziba pengo lako. Daktari achukue somo la takwimu na la ikolojia ya idadi ya wanyama. Mwanaikolojia aombe wiki chache maabara, ajifunze kutenganisha seramu, kutengeneza slaidi ya damu na kupima kwa ELISA na PCR.

Vyuo vipo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha tiba ya wanyama na usimamizi wa wanyamapori, na ndiko kiliko kituo cha SACIDS kinachoshughulika na magonjwa ya kuambukiza ya binadamu na wanyama kwa pamoja. Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na ipo kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa zuolojia, na Mweka, chini ya Kilimanjaro, kinafundisha usimamizi wa wanyamapori tangu mwaka 1963. Ng'ambo ya mipaka kuna vyuo vikuu vya Makerere na Nairobi, vyote vyenye vitivo vikongwe vya tiba ya wanyama.

Usiogope kuvuka kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda alianza kama daktari wa wanyamapori. Mwaka 1996 sokwe wa milimani (gorila) wa Bwindi walipopata upele, ushahidi ulielekea kwa binadamu waishio jirani na msitu. Akaona kwamba hataweza kuwalinda sokwe huku afya ya wanakijiji ikiachwa, na mwaka 2003 akaanzisha shirika linaloshughulikia yote mawili. Swali alilokutana nalo msituni ndilo lililomtoa kwenye matibabu ya sokwe mmojammoja na kumpeleka kwenye afya ya jamii nzima.

Swali litangulie, mnyama afuate

Wanafunzi wengi huanza kwa kumchagua mnyama wanayempenda, au kipimo ambacho maabara yao inacho. Kinachozaliwa hapo ni andiko la aina hii: "Utafiti wa brusela kwa nyati wa hifadhi fulani." Utapata asilimia, utaiandika, na hakuna atakayejua aifanyie nini. Linganisha na swali hili: je, ng'ombe wanaochangia maji na nyati wakati wa kiangazi wana kingamwili za brusela zaidi kuliko wale wanaonyweshwa kwenye visima vya kijiji? Hapo kuna makundi mawili ya kulinganisha, kuna sababu unayoishuku, na kuna mtu atakayelitumia jibu, kuanzia mfugaji hadi afisa mifugo wa wilaya.

Kabla hujaliandika swali lako, lipitishe kwenye majaribio matatu. La kwanza: nalinganisha nini na nini? La pili: jibu likiwa ndiyo, nani atabadilisha anachofanya, na likiwa hapana je? La tatu: je, linajibika kwa muda na fedha nilizonazo, au nahitaji kuchukua kipande chake tu?

Kichaa cha mbwa kinaonyesha nguvu ya swali zuri. Katika eneo la Serengeti kulikuwa na hofu kwamba wanyama walao nyama wa porini ndio wanaokihifadhi ugonjwa huo, na kama ni hivyo, kuchanja mbwa wa vijijini kungekuwa kazi bure. Watafiti wakauliza: ni nani hasa anayeudumisha ugonjwa huu? Walifuatilia tukio moja baada ya jingine, nani kang'atwa na nani, wakalinganisha na vinasaba vya virusi. Jibu likaelekea kwa mbwa wa kufugwa. Tangu hapo kazi ikajulikana: chanja mbwa, lenga kufikia asilimia 70 yao, na ugonjwa utapungua kwa mbwa, kwa wanyamapori na kwa watu.

Ila usilibebe jibu la ugonjwa mmoja ukalibandike kwa mwingine. Kwa distempa, katika mbuga ileile na mbwa walewale, uchambuzi wa data za miongo kadhaa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba chanjo ilipunguza maambukizi kwa mbwa, lakini simba waliendelea kuambukizwa. Ina maana wapo wanyama wengine wanaochangia kuuendeleza mzunguko huo.

Kabla hujalikamilisha swali, nenda ukawasikilize wanaoishi na wanyama hao. Wafugaji wa Kimaasai walijua zamani kwamba nyumbu wanapozaa, kati ya Januari na Machi, ng'ombe wakilishwa kwenye nyanda za nyasi fupi wataugua na kufa, kwa hiyo huwahamisha. Mwaka 1960 Walter Plowright, aliyekuwa akifanya kazi Muguga, Kenya, aliripoti kuwa amevipata kwa nyumbu virusi vinavyosababisha ugonjwa huo. Elimu ya wafugaji ilikuwa imetangulia maabara. Mwanafunzi anayekaa na wazee wa boma jioni mbili tatu kabla ya kuandika andiko lake ataokoa miezi ya kubahatisha.

Tahadhari nyingine: usiridhike haraka na sababu moja. Chura wa Kihansi, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai, alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya bonde moja tu la Udzungwa. Maji yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, mabomba ya kunyunyizia yakawekwa, na bado mwaka 2003 idadi ikaporomoka. Kuvu wa ngozi anayeua vyura sehemu nyingi duniani alikutwa pale. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa kwenye matunzo, hasa katika bustani za wanyama Marekani, na ndio waliowezesha kazi ya kumrudisha Kihansi kuanza mwaka 2012. Anayeuliza "ni maji au ni kuvu?" anajifungia mlango. Swali lenye mashiko ni jinsi mabadiliko ya makazi yanavyoweza kubadili madhara ya maradhi.

Tafuta msimamizi mwenye kumbukumbu

Jina kubwa la profesa lisikupumbaze. Unahitaji mtu ambaye mradi wake una data za miaka iliyopita, ana friza yenye rejesta inayosomeka, na ana uhusiano mzuri na hifadhi. Ukijiunga na mradi wa namna hiyo, miaka yako miwili inapata uzito wa miaka ishirini.

Unapomwandikia, andika barua fupi. Sema wewe ni nani, umesoma kazi yake ipi, kitu gani katika kazi hiyo kimekuachia swali, na unaomba nini. Aya tatu zinatosha. Barua inayosema "napenda sana wanyama, naomba nafasi yoyote" hupotea kati ya nyingine mia.

Kabla ya kukubaliana naye, zungumza na wanafunzi wake waliomaliza. Waulize: alikuwa akirudisha sura za tasnifu baada ya muda gani? Aliwahi kwenda nanyi uwandani? Makala zilipochapishwa, jina la nani lilitangulia? Kisha tafuta wasimamizi wawili, mmoja anayeujua ugonjwa na mwingine anayejua takwimu na ikolojia ya makundi. Mkubaliane kwa maandishi mwanzoni kabisa: data ni za nani, sampuli zitabaki wapi, na nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala ipi. Kuliandika jambo hili si kumvunjia mwalimu heshima. Ni kuilinda heshima hiyo isije ikavunjika mbele ya safari.

Vibali vianze mapema

Hakuna kinachowachelewesha wanafunzi kama vibali. Kwa Tanzania, utafiti wa wanyamapori hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, na kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Bado utahitaji ruhusa ya mwenye eneo: TANAPA kwa hifadhi za taifa, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, au TAWA kwa mapori ya akiba. Ukiwahoji watu au kuchukua damu yao, lazima upate idhini ya maadili. Kwa ngazi ya taifa hiyo husimamiwa na NIMR. Ukigusa mifugo, afisa mifugo wa wilaya na ofisi ya kijiji wajue kabla ya gari lako kufika. Kenya utakutana na tume ya sayansi, NACOSTI, shirika la wanyamapori, KWS, na taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori iliyoko Naivasha. Uganda ni baraza la sayansi, UNCST, na mamlaka ya wanyamapori, UWA. Taratibu hubadilika, kwa hiyo chukua fomu za mwaka huu na usitegemee za mwenzako aliyemaliza juzi.

Kusafirisha sampuli nje ya nchi ni habari nyingine. Utahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli unaoeleza zitatumika kwa nini na nani atanufaika, jambo lililopewa uzito mpya tangu Itifaki ya Nagoya ianze kutumika mwaka 2014. Kwa spishi zilizoorodheshwa na CITES kuna kibali chake tena. Kabla ya yote hayo, uliza kama kipimo hicho hakifanyiki nchini. Wakala wa Maabara ya Veterinari, Chuo Kikuu cha Sokoine na Taasisi ya Nelson Mandela wana uwezo ambao wanafunzi wengi hawaufahamu, na sampuli inayopimwa hapa inabaki hapa kwa ajili ya swali la kesho.

Sasa chukua kalenda ya mwaka, na juu yake andika kalenda ya mnyama. Masomo huanza Oktoba au Novemba. Swali lako likitegemea nyumbu wanaozaa Januari hadi Machi, na andiko lako likapitishwa Aprili, umepoteza mwaka mzima. Panga safari ya uwandani kwa majira ya ugonjwa, kisha hesabu kurudi nyuma hadi siku unayotakiwa kuwasilisha maombi ya kibali. Ukikuta siku hiyo imeshapita, badilisha swali sasa hivi.

Fedha

Ufadhili wa ada na posho haujengi utafiti peke yake. Andika gharama zote: mafuta na matengenezo ya gari, kiingilio cha hifadhi, posho ya askari wa wanyamapori atakayefuatana nawe, kemikali za maabara, barafu, chanjo zako mwenyewe. DAAD ya Ujerumani hutoa ufadhili kwa wanaosoma katika vyuo vya Afrika Mashariki, na Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Kwa kazi za uhifadhi, Rufford Foundation hutoa ruzuku ndogo kwa watafiti wanaoanza, na IDEA WILD husaidia vifaa kama darubini na kamera. Ruzuku ndogo ina thamani mbili: inalipa mafuta, na inamthibitishia mfadhili mkubwa wa baadaye kwamba unajua kutumia fedha na kutoa ripoti kwa wakati.

Uwandani: sampuli na usalama wako

Thamani ya sampuli iko kwenye lebo yake. Chukua tyubu moja yenye tishu ndani ya ethanoli. Ukiiandika kwa kalamu ya wino pembeni, tone moja la ethanoli likivuja litafuta maandishi yote, nawe utakuwa na nyama isiyo na jina. Andika kwa penseli kwenye kipande kidogo cha karatasi, kitumbukize ndani ya tyubu, kisha rudia namba hiyohiyo kwenye mfuniko na kwenye daftari. Ndani ya daftari andika tarehe, saa, alama za GPS, spishi, jinsia, makadirio ya umri, hali ya mwili, aliyechukua sampuli na mahali ilipohifadhiwa. Kila jioni, kabla ya kula, piga picha kurasa za siku hiyo.

Kwa damu, tyubu ya mfuniko wa zambarau huzuia kuganda na hukupa vinasaba. Ya mfuniko mwekundu huachwa igande ili upate seramu ya kupima kingamwili. Tenganisha seramu mapema, maana damu ikikaa kwenye joto seli hupasuka na vipimo huharibika. Kama barafu ni ya shida, uliza maabara juu ya karatasi maalumu za kukaushia damu au vimiminika vinavyotunza vinasaba bila baridi. Tena, si lazima kila utafiti umguse mnyama. Kule Gombe, virusi jamaa ya VVU vilifuatiliwa kwa sokwe mtu kwa kutumia kinyesi na mkojo, na kazi iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha kuwa sokwe walioambukizwa walikuwa kwenye hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao. Hakuna aliyepigwa sindano ya usingizi kwa ajili hiyo.

Usalama ndio nikusihio zaidi kuliko yote. Ukikuta mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, umevimba haraka, haukukakamaa, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usiukate. Hicho huenda ni kimeta. Ukiufungua, bakteria watakutana na hewa na kujigeuza mbegu zinazoweza kuishi udongoni kwa miongo mingi. Mjulishe daktari wa hifadhi. Tone la damu kutoka kwenye mshipa wa sikio linatosha kwa kipimo, na lichukuliwe na aliyefunzwa na kuvaa kinga. Kulaza wanyama wakubwa kunatumia dawa kama etorfini, ambayo kiasi kidogo sana kikigusa jeraha au jicho la mtu kinaweza kumuua. Kazi hiyo ni ya daktari mwenye idhini, na dawa ya kuipinga iwepo mkononi kabla ya bunduki kupakiwa. Pata chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kwenda uwandani: tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi mbili, siku ya kwanza na baada ya siku saba. Mapango ya popo usiyaingie bila mafunzo na mavazi kamili. Virusi vya Marburg huishi kwa popo wala matunda wa mapangoni, na mkoa wa Kagera umeshaomboleza kwa sababu ya ugonjwa huo.

Waheshimu askari wa wanyamapori unaotembea nao. Wao ndio wanaoona mzoga wa kwanza, wanaojua kisima kipi kimekauka. Majina yao yaandikwe kwenye shukrani za tasnifu, na yule aliyechangia wazo lenyewe anastahili kuwa mwandishi mwenzako.

Kusoma majibu bila kujidanganya

Kingamwili kwenye seramu zinakuambia mnyama aliwahi kukutana na kimelea. Hazikuambii kwamba anaumwa leo, wala aliambukizwa lini. Pia kipimo kilichothibitishwa kwa ng'ombe huenda kisifanye kazi sawasawa kwa nyati au twiga. Uliza kimethibitishwaje kabla ya kununua.

Majibu yote yakiwa hasi, usiandike kwamba ugonjwa haupo. Ipo kanuni rahisi: gawanya 3 kwa idadi ya wanyama uliowapima bila kupata hata mmoja. Ukipima 30 na wote wakawa hasi, bado inawezekana hadi asilimia 10 ya kundi wameambukizwa. Ukipima 60, ni hadi asilimia 5. Ili ushuke hadi asilimia 1 unahitaji 300. Fanya hesabu hii wakati wa kuandika andiko, kabla fedha hazijaliwa.

Kumbuka pia kwamba simba 40 kutoka makundi matatu si simba 40 wanaojitegemea. Wanalala pamoja, wanakula mzoga mmoja, wanaambukizana. Takwimu zako lazima zilitambue kundi. Mizoga nayo huonekana zaidi kando ya barabara na pale tai wanapotua mchana peupe. Mnyama aliyefia kichakani hahesabiwi. Yaandike mapungufu hayo wazi. Msomaji mwerevu atakuamini zaidi.

Jifunze programu ya R tangu muhula wa kwanza. Ni ya bure, na kila hatua ya uchambuzi inabaki imeandikwa, hivyo miaka mitano baadaye wewe au mwingine anaweza kuirudia. QGIS, ambayo nayo ni ya bure, itakutosha kwa ramani. Soma misingi ya mifano ya hisabati ya maambukizi, inayowagawa wanyama katika wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na waliopona. Huhitaji kuwa mwanahisabati. Unahitaji kuelewa kwa nini ugonjwa huzimika kundi linapokuwa dogo au chanjo inapofika kiwango fulani.

Andika, wasilisha, rudisha

Anza kuandika sura ya mbinu ukiwa bado uwandani, wakati mambo yako mbele ya macho. Wasilisha matokeo ya awali kwenye mkutano wa kisayansi wa TAWIRI unaofanyika kila baada ya miaka miwili. Humo hukaa pamoja watafiti na wasimamizi wa hifadhi, na swali la mhifadhi mmoja linaweza kukuonyesha tundu ambalo walimu wako hawakuliona. Chagua jarida kwa kuangalia nani anachapisha humo na nani anahariri. Jarida linalokuandikia lenyewe likiahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo, liepuke.

Kisha rudi kijijini. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: tulikuja kuuliza nini, tulikuta nini, mfanye nini. Uusome kwenye mkutano wa kijiji, umwachie mtendaji nakala, na nyingine umpelekee daktari wa hifadhi na afisa mifugo. Wafugaji wamechoka kutolewa damu za ng'ombe wao na watu wasiorudi. Ukirudi wewe, mtafiti ajaye atapokelewa.

Baada ya uzamili, je, uendelee na uzamivu? Endelea ikiwa swali lako limekuachia swali kubwa zaidi ambalo huwezi kuliacha. Kama lengo ni ajira, jua kwamba milango ni mingi bila shahada hiyo: huduma za daktari wa hifadhi, maabara za mifugo, ofisi za wilaya, mashirika ya uhifadhi, na dawati la Afya Moja linalounganisha sekta za binadamu, mifugo na wanyamapori. Watu wenye kuelewa makundi na maradhi kwa pamoja bado ni wachache huko kote, na wanahitajika.

Kabla hujavaa joho, fanya kazi ya mwisho ambayo hakuna mtahini atakayekudai. Safisha data zako, eleza kila safu ina maana gani, na ziweke mahali panapotunzwa na chuo na TAWIRI. Linganisha rejesta ya friza na tyubu zilizomo, moja moja. Andika maswali uliyoshindwa kuyajibu na umkabidhi mwanafunzi anayefuata mkononi, ukimwonyesha mabwawa, maboma na watu wa kuwaona. Twiga wa Ruaha bado wana vidonda vya ngozi miguuni ambavyo chanzo chake kinatafutwa, kimeta hurudi, ukame unakuja tena, na atakayeeleza kitakachotokea atahitaji kumbukumbu ulizoziacha wewe.